Kuzikana Kijijini kwa Waingereza

Kila aliyemfahamu Mwalimu anayo hadithi ya siku aliyogombezwa naye. Yangu ilitokea Kilburn, London, jikoni, katika nyumba tuliyopanga watu wengi kuliko vitanda. Niliingia na njaa yangu nikafungua friji, nikimpita mama wa makamo aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki akimenya viazi. Akaniuliza kama kwetu Tanga ndiyo desturi, kusalimia friji kwanza. Nikampa shikamoo yake. Akaipokea, akanipa kisu na nusu ya viazi, na kuanzia siku ile sikumwita kwa jina lingine lolote isipokuwa Mwalimu.

Habari za ukoo wake sizisemi, maana mwenyewe hakuzisema. Ninachojua ni kwamba alifundisha darasa la tatu miaka mingi huko nyumbani, na ualimu ulikuwa umemwingia mwilini. Hata kondakta wa basi alimwangalia kama mtoto aliyekuja shule bila kuchana nywele. Aliamini kwamba kila jambo linaweza kufundishwa, na asiyejifunza ni mvivu tu, hana ugonjwa mwingine.

Katikati ya miaka ya tisini alipata kazi ya keya, yaani kuwahudumia wazee majumbani mwao, katika kijiji kimoja kaskazini ya London, mwendo usiofika saa nzima kwa treni. Akahamia huko. Baada ya miezi michache akanipigia simu kuniambia kazi ipo na chumba kipo, na kwamba treni ya Jumapili haichelewi sana. Hakuniuliza kama nataka kwenda.

Mtu akisikia kijiji anafikiria moshi wa jikoni na watoto wanaokimbizana na kuku. Kile kilikuwa na nyasi zilizokatwa vizuri, kanisa la mawe, baa moja, bwawa la bata na stesheni. Asubuhi, jua la baridi likiwa bado halijajitokeza, milango ilifunguka mmoja baada ya mwingine, na watu wenye makoti meusi walishuka barabarani bila kusemeshana. Kila mmoja alikwenda kusimama mahali pake pale pale jukwaani, ambapo mlango wa behewa lake ungesimama. Walisimama hivyo miaka kumi, bega kwa bega, na mmoja asijue jina la mwenzake. Treni ikishaondoka, kijiji kilibaki na wazee, mbwa, mafundi bustani na sisi wawili. Jioni wenyewe walirudi gizani, na wikiendi waliosha magari.

Nyumba nyingi hazikuwa na namba, zilikuwa na majina, na majina yenyewe yalifanana kama mapacha. Waridi zilikuwa tatu. Wiki yangu ya kwanza niliingia Waridi isiyokuwa yangu, nikamkuta mzee ameketi karibu na dirisha. Nikamwogesha, nikamvalisha, nikampikia uji, na yeye akanishukuru kwa kila kijiko. Nilipotoka ndipo nikagundua kwamba mgonjwa wangu alikuwa nyumba nyingine, na amepiga simu ofisini kulalamika. Yule mzee hakuwa mgonjwa wa mtu yeyote. Alikuwa mtu wa mashamba, ameendesha matrekta ya watu maisha yake yote, na alipoona mtu ameingia mwenyewe kumhudumia aliona si adabu kumkataza.

Mwalimu alicheka hadi akajishika mbavu. Kesho yake alikwenda kumwomba radhi kwa niaba yangu, na hakuacha kwenda. Akimaliza shifti alipita kwa Mzee wa Trekta, akamgombeza kwa kutokula, akamgombeza kwa kuwasha hita moja tu, akanywa chai yake, akaondoka. Hita tuliyokuwa nayo sisi, kwa taarifa yenu, hakuniruhusu niiwashe kabla ya Desemba.

Ndivyo alivyokuwa. Alichukia umbea, na hapakuwa na habari ya kijiji kile asiyoijua. Alihubiri kuwahi, na mimi nilimsubiri mlangoni kila siku ya Mungu huku akitafuta kilemba chake. Hakuogopa bosi wala polisi, lakini akiona farasi mbele yetu kwenye zile njia nyembamba zisizo na nafasi ya waendao kwa miguu, alijibanza kwenye ua wa miiba mpaka koti likachanika. Wazee wetu aliwakaripia wangali hai kama wanafunzi watoro. Wakifa aliwasemea maneno mazuri ambayo wenyewe wangefurahi kuyasikia. Nilimwambia hivyo siku moja. Akanijibu kwamba aliye hai bado anaweza kurekebika, hivyo kumsifu ni kumharibu.

Na alikuwa na ubishi. Nilipomkumbusha kwamba ukienda kwa wenye chongo vunja lako jicho, akasema macho yake bado anayahitaji, afadhali wao watafute miwani. Alimwamkia kila mtu njiani. Wengine walimwitikia, wengine waliwaangalia mbwa wao. Wa namna hiyo aliwarudia salamu kwa sauti ya juu zaidi, maana aliyenyamaza darasani huenda hakusikia.

Mzee wa Trekta alifariki mwanzoni mwa masika yao, maua ya njano yakiwa yameanza kuchanua mashambani. Mwalimu ndiye aliyemkuta. Alivua koti, akaanza kufagia na kupanga viti, kwa sababu watu wangekuja. Alipika birika la chai la kutosha mtaa. Nilipofika jioni nilimkuta amekaa peke yake katikati ya viti, na chai imepoa. Nikamweleza kwamba huku watu hawaji. Akasema labda hawajapata habari.

Kisha tukaambiwa mazishi ni baada ya wiki tatu. Kwetu Waislamu maiti halazwi usiku wa pili ikiwezekana, na kwao Mwalimu siku mbili tatu zinatosha hata mtoto wa mbali kufika. Wiki tatu alizipokea kama tusi. Maiti anapanga foleni, alisema, kama mtu wa kung'oa jino. Lakini baadaye akajituliza: basi walau watu wote watakuwa wamepata habari.

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi, asubuhi. Kanisani alikuwepo kasisi, walikuwepo wanaume wa kampuni ya mazishi waliobeba jeneza, na sisi. Kasisi alisoma haraka na kwa upole. Wakati wa wimbo Mwalimu aliimba kwa sauti yake yote, akijaribu kuwa watu wengi, na mimi nisiyejua wimbo nilifungua mdomo na kuufunga. Tulipotoka, treni ilipita nyuma ya makaburi. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba sikuweza kumtazama usoni.

Tulirudi kwa miguu tukikokota baiskeli zetu. Njiani akaniambia jambo ambalo hakuwa amewahi kulitamka. Mama yake alifariki wakati yeye yuko Kilburn akisubiri makaratasi ya kukaa, na akitoka nje ya Uingereza asingeruhusiwa kurudi. Kwa hiyo hakwenda.

"Mama yangu alizikwa na watu," alisema. "Wengine siwajui hata kwa sura. Walichimba, walibeba, walilia kwa niaba yangu. Sasa mimi niko hapa, na mtu wa hapa anazikwa na wabebaji wa kulipwa. Hili halitarudiwa, mwanangu. Sio nikiwepo."

Nilidhani ni uchungu tu, utapita. Sikumjua bado.

Wiki iliyofuata alianza kupita nyumba hadi nyumba. Alisubiri treni ya jioni irudi, akawapa watu muda wa kuvua viatu, kisha akagonga. Alikuwa anaanzisha chama cha kufa na kuzikana. Kila Mtanzania anakijua chama hicho. Hata wauza vitunguu wanacho. Lakini jaribu kumweleza mwanasheria wa London, amechoka, ana uma mkononi, mlangoni kwake amesimama mama wa Kiafrika mwenye koti la mvua anayemuuliza kwa heshima kama amejiandaa kuwazika majirani zake. Yule mwanasheria alijibu kwamba bima ya mazishi anayo tayari, asante. Akafunga mlango. Mwalimu akagonga tena kumfahamisha kwamba yeye hauzi kitu.

Nyumba karibu zote zilimfikiria hivyo, kwamba ni muuza bima. Mama mmoja alimuuliza kama ana kipeperushi. Mwingine alianza kulia, akamkaribisha ndani, na akamsimulia habari za baba yake hadi chakula kikaungua. Mwalimu hakutaka mchango. Huko nyumbani chama kina michango, faini na mweka hazina, na hapo ndipo vyama vinapofia, alisema. Cha kwake kilikuwa na sheria moja tu: akifa mtu wa kijiji, kila nyumba itoe mtu mmoja aje. Asije na maua wala na kadi. Aje na miguu yake.

Walimpa tabasamu, na walimwambia ni wazo zuri sana. Mimi nilikuwa nimekaa Uingereza muda wa kutosha kujua kwamba wazo zuri sana ni namna ya kukataa. Mwalimu aliwahesabia kuwa wameahidi. Kasisi alimwonya kwa upole kwamba watu hawa wana shughuli, na mazishi ni jambo la familia. Mwalimu akamuuliza, asiye na familia je? Kasisi akatazama viatu vyake. Alikuwa mtu mwema. Mkutano wa kwanza, ukumbini, walikuja wachache sana, na mmoja wao alikuja kwa sababu kwake hita imeharibika na ukumbini kulikuwa na joto. Mwalimu aliuendesha kama bunge.

Hapo nilimshauri aache. Nilimwambia anajiaibisha na kuniaibisha mimi pia, kwa kuwa katika kijiji kizima weusi ni sisi wawili na watu hawatutofautishi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama nimeshaosha vyombo.

Aliyefuata kufa alikuwa Bibi wa Nyumba ya Mwisho, na kama Mungu alitaka kumpa Mwalimu mtihani, asingepata swali gumu zaidi. Mama yule aligombana na kijiji chote. Alilalamikia kengele za kanisa, mpira wa watoto, magari yaliyoegeshwa mbele ya ukuta wake, jogoo wa jirani, mpaka jogoo akauzwa. Alikuwa mgonjwa wetu, na alimkataza Mwalimu kugusa vikombe vyake kwa mikono mitupu. Alimtaka avae glavu hata kwa chai. Mwalimu alivaa, akamgombeza kwa kutotembeza miguu, na akarudi kesho yake. Mimi niliomba kubadilishiwa zamu.

Alikufa wakati wa baridi. Hakuwa na mtoto wala ndugu aliyejitokeza. Mazishi yakapangwa siku ya kazi, saa nne asubuhi, na Mwalimu akapita tena kila mlango kuwakumbusha. Safari hii hata tabasamu zilipungua. Mwanasheria alimwambia waziwazi kwamba mama yule alimshtaki kwa kaunsili, halmashauri yao, mara mbili kwa sababu ya ua wake wa miti, na siku hiyo ana mkutano.

Asubuhi ya mazishi niliamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa. Nilijua yuko wapi, nikavaa haraka nikamfuata. Barafu ilikuwa imeshika njia nzima. Nilimkuta jukwaani, ana gauni lake jeusi na kilemba, amesimama katikati ya yale makoti, na kila koti likitazama reli. Nilitamani ardhi inimeze. Akakohoa kidogo, kama anavyokohoa mwalimu kabla ya somo.

"Habari za asubuhi, na samahani kuwakatisha," alisema kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Mama wa nyumba ya mwisho anazikwa leo saa nne. Wengi wenu hakuwapenda. Mimi pia hakunipenda. Hatuendi kwa sababu alikuwa mwema. Tunaenda kwa sababu alikuwa wa hapa."

Mtu mmoja alikunja gazeti. Treni ikaja, milango ikafunguka, na makoti yakapanda, kila moja kwenye behewa lake. Mwanasheria alipanda. Yule mama aliyewahi kulia mlangoni alibaki, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba mpaka treni ikaondoka. Basi, tukawa watatu.

Nilimshika Mwalimu mkono. Nilikuwa na hasira na kijiji kile, hasira ya kulia. Yeye hakuitazama treni. Alisema twende tukawashe jiko la ukumbini, maandazi aliyopika usiku yasije yakaliwa baridi. Nikamwambia yataliwa na nani, Mwalimu? Akasema kama ni sisi watatu, basi kila mmoja atakula mengi.

Saa nne tukaingia. Kasisi, wabebaji, na sisi. Jeneza lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia. Wimbo wa kwanza ulikuwa umefika ubeti wa pili mlango ulipolia nyuma yetu. Nilisikia viatu juu ya mawe, jozi moja, kisha nyingine, kisha nyingi. Kasisi alipoteza mstari. Sikugeuka, kwa sababu Mwalimu alinibana mkono akaniambia kwa macho niendelee kuimba. Lakini sauti zikaanza kuongezeka, nzito, za wanaume wasiojua kuimba, na benchi letu likatikisika mtu alipoketi. Alikuwa mwanasheria. Ana theluji kwenye viatu na pua nyekundu.

Baadaye ndiye aliyenieleza. Treni ilipotoka, hakuna aliyesoma gazeti. Wakafika stesheni inayofuata, na mtu mmoja akasimama na kushuka bila kusema neno. Akafuata mwingine. Walijikuta wengi kwenye jukwaa geni, wakisubiri treni ya kurudi, ambayo ilichelewa zaidi ya saa mbili kwa sababu ya barafu. Nikamuuliza kwa nini hawakubaki tu pale pale. Alifikiri, akasema asingeweza kubaki mbele ya watu wote wanaopanda, ingeonekana anajionyesha. Kushuka stesheni ya mbele ni shughuli ya mtu binafsi. Waingereza wana mambo. Waliposubiri ile treni ya kurudi, alisema, ndipo walipojuana majina.

Ukumbini walisimama wakila maandazi, hawajui mikono waiweke wapi. Nilitegemea Mwalimu awashukuru. Alisubiri kimya kiwepo, akawaambia wamechelewa, na mara nyingine wawahi. Wakacheka. Yeye hakuwa anatania.

Na waliwahi. Sisemi kijiji kiligeuka kuwa Same ya kwao au Tanga ya kwetu. Waliendelea kusimama mahali pao jukwaani na kuosha magari. Lakini kwa miaka yote niliyokaa pale, na hata baada ya hapo, hakuna aliyepelekwa makaburini na wabebaji peke yao. Chama hakikuwa na jina wala mwenyekiti. Mtu akifa, simu zilipigwa, na kila nyumba ilitoa mtu. Kasisi mpya alipokuja aliambiwa ni desturi ya zamani ya kijiji. Mwalimu alisikia, akanyamaza, jambo ambalo lilikuwa nadra.

Mimi nilihamia Edmonton, huko huko London, nikaolewa, nikapata watoto ambao husikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Nilimtembelea mara chache kuliko nilivyopaswa. Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa miaka ya elfu mbili ikielekea ukingoni. Magoti yalikuwa yamemgomea, kazi ameacha, na sasa keya alikuja kwake yeye, msichana wa Kipolandi ambaye nilimkuta akigombezwa. Nilimletea unga na mbaazi kutoka London. Akaniambia mbaazi zina mawe.

Msichana alipoondoka nikatoa yaliyonileta. Binti wa Mwalimu alikuwa amenipigia kutoka Dar. Familia ilitaka, siku ikifika, mwili urudishwe nyumbani, na Watanzania wa London walikuwa tayari kusimamia. Yeye alikuwa amewakatalia kwenye simu, na wakaniomba nimlainishe. Nikampa hoja zote nilizokuwa nazo. Nikamwambia mwacha asili ni mtumwa. Nikamwambia kule atazikwa karibu na mama yake, na watu watajaa hadi barabarani.

"Najua watajaa," alisema. "Wale wanajua kuzika. Walimzika mama bila mimi, hawakukosea. Nikienda kule nitakuwa maiti mmoja kati ya maiti waliozikwa vizuri. Hapa bado nina wanafunzi."

Nikamwambia wanafunzi wake wana mvi sasa, wamehitimu. Akatikisa kichwa. Wale wa zamani ndiyo. Lakini kuna nyumba mpya zimejengwa kule ng'ambo ya reli, vijana wenye watoto wadogo, wanaopanda treni na waya masikioni. Hao hajawafikia. Magoti.

Machozi yalinitoka na sikuyafuta, naye aliniacha nilie bila kunigombeza, mara moja hiyo tu. Nikamwambia basi, nitazungumza na binti yake. Na kwamba, kama ni hapa, tutapanga Jumamosi ili watu wengi wapate nafasi.

"Jumamosi usinizike," alisema. "Jumamosi kila mtu anaweza kuja. Nizikeni Jumanne, asubuhi."

Kisha akanitazama vizuri, kama aliyekumbuka swali la mwisho, akaniuliza kama mimi mwenyewe kazini kwangu watanipa ruhusa Jumanne.

Nikamwambia sitaiomba, nitakuja tu.